Je, Mke Aweza Kujibu Hapana?
Mafundisho ya Wamormoni wa Kwanza juu ya Ndoa



Watu wa Fizi na Baraka wametawanyika sana. Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya mwaka 1998, viliwavusha wengi ziwa. Wengine walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, na kutoka kambini wengine walipelekwa Marekani, hata katika jimbo la Utah, ambako Wamormoni wana makao yao makuu. Basi si ajabu simu ikilia siku moja kule Baraka, na shemeji akauliza hivi: «Huku wanatuambia kwamba ndoa ya Kikatoliki hufa pamoja na mtu, lakini ndoa yao haifi kamwe. Sisi tujibu nini?»

Tena si lazima kuvuka bahari ili kukutana na swali hilo. Wamormoni, ambao hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, walipata ruhusa ya serikali katika nchi yetu mwaka 1986, ilipoitwa bado Zaire. Tangu Aprili 2019 wana hekalu lao Kinshasa, na ndani ya hekalu ndimo hufungwa hiyo ndoa waiitayo ya milele.

Swali hilo ni jema, nalo lataka jibu la haki. Hatuandiki ili kumcheka mtu. Wamormoni wengi wa leo ni watu wa kiasi: hawanywi pombe, hawavuti tumbako, na jioni moja ya kila juma hukusanya jamaa yote nyumbani wapate kusali na kufundishana. Mume Mkatoliki arudiye usiku amelewa, watoto wake wakajificha, hana ruhusa ya kuwacheka. Lakini heshima kwa watu haituzuii kuyapima mafundisho. Leo tutapima mafundisho yao ya mwanzo juu ya ndoa, hasa andiko moja: sura ya 132 ya kitabu chao kiitwacho Mafundisho na Maagano, ambacho kimepigwa chapa hata kwa Kiswahili. Tutaliuliza andiko hilo jambo moja tu: je, mke aweza kujibu hapana?

1. MAMBO YALIVYOANZA

Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 katika Vermont, huko Marekani. Mwaka 1827 alimwoa Emma Hale. Mwaka 1830 alitoa Kitabu cha Mormoni, na siku ya 6 Aprili ya mwaka huohuo akaanzisha kanisa lake. Sasa angalieni: kitabu hicho cha kwanza chawakaripia wanaume waliotaka wake wengi kwa kumfuata Daudi na Solomoni. Chasema wazi kwamba wake wengi wa wafalme hao walikuwa chukizo mbele ya Mungu. Chaacha mlango mmoja mdogo tu, yaani kama Mungu mwenyewe akiamuru ili ajipatie uzao. Tena mwaka 1835 kanuni yao iliyopigwa chapa ilisema kwamba mume awe na mke mmoja, na mke awe na mume mmoja.

Lakini katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, mambo mengine yalikuwa yakitendeka kwa siri. Joseph Smith alikuwa akiunganishwa na wanawake wengine, huku Emma akiwa mkewe wa halali. Emma hakuwa mtu mdogo, kwani mwezi wa Machi 1842 alichaguliwa kuwa mkuu wa kwanza wa chama cha kina mama wa kanisa hilo. Tarehe 12 Julai 1843 Joseph alimwandikisha karani wake yale aliyoyaita ufunuo juu ya ndoa. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1844, yeye na ndugu yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha katika gereza la Carthage. Kuuawa kwao kulikuwa uovu, wala hakuna Mkristu awezaye kukusifu.

Baadaye Brigham Young aliongoza sehemu kubwa ya watu hao mpaka penye Ziwa la Chumvi, wakafika mwaka 1847. Huko, tarehe 29 Agosti 1852, waliitangaza ndoa ya wake wengi mbele ya watu wote.

Je, haya ni masingizio ya adui zao? Hapana. Mwaka 2014 kanisa lao lenyewe lilitoa maandishi juu ya habari hizi. Lilisema kwamba kwa kadirio la uangalifu wanawake walioungana na Joseph Smith walikuwa kati ya 30 na 40. Lilikubali kwamba baadhi yao walikuwa na waume tayari. Lilikubali pia kwamba msichana mmoja, Helen Mar Kimball, aliunganishwa naye miezi kadhaa kabla hajatimiza miaka 15. Maandishi hayo yaeleza kwamba miungano mingine ilikuwa ya ulimwengu ujao tu, si ya kuishi pamoja hapa duniani. Haya yote twayataja ili tusimnyime mtu haki yake.

2. ANDIKO LENYEWE

Sura ya 132 ina mambo matatu makubwa.

La kwanza ni uwezo wa kuunganisha. Andiko lasema kwamba agano lolote lisilotiwa muhuri kwa uwezo fulani huisha mtu akifa, na ndoa pia. Uwezo huo, lasema, hushikwa na mtu mmoja tu duniani kwa wakati mmoja. Walioana bila muhuri huo watakuwa malaika watumishi huko mbinguni, kila mmoja peke yake. Walioana kwa muhuri huo watainuliwa, watakuwa miungu, na uzao wao utaendelea bila mwisho. Hivyo ndoa imegeuzwa kuwa ngazi ya kupandia enzi. Ni kweli kwamba hata mwanamume hawezi kuipanda peke yake. Lakini mwanamume aweza kuunganishwa na wake kumi, ukoo wake ukazidi kupanuka, bali mke ni wa mume mmoja. Nasi tunaujua tangu zamani ukubwa wa namna hiyo, kwani wazee wengi wa kwetu walihesabu heshima ya mtu kwa idadi ya majiko yanayofuka moshi uani kwake.

La pili ni habari ya Abrahamu. Andiko lasema kwamba Sara alimtoa Hagari kwa mumewe kwa sababu Mungu alimwamuru Abrahamu. Msomaji mpenzi, chukua Biblia yako usome mwenyewe sura ya 16 ya kitabu cha Mwanzo. Utaona kwamba shauri hilo lilitoka kwa Sara, aliyekuwa amekata tamaa ya kuzaa. Hutaona mahali Mungu alipoamuru. Tena endelea mpaka sura ya 21 uone matunda yake: wivu, dharau, machozi, na mwishowe Hagari na mtoto wake wakiwa jangwani, maji yamewaishia. Biblia haifichi aibu za nyumba ya Abrahamu. Yatuonyesha jinsi Mungu alivyomsikia kijakazi aliyefukuzwa. Lakini mtu akichukua jeraha hilo akaligeuza kuwa sheria, hakusoma vema. Na juu ya Daudi na Solomoni, andiko hili jipya lasema kwamba walipewa wake wao na Mungu, wala hawakukosa ila pale walipotwaa wasiopewa, kama Daudi alivyomtwaa mke wa Uria. Kitabu cha mwaka 1830 kiliwaita wake haohao chukizo. Mlango mdogo wa kitabu cha kwanza umekuwa sasa lango kuu la nyumba.

La tatu ni neno lililoelekezwa kwa Emma, nalo ndilo zito kupita yote. Emma ametajwa kwa jina. Aamriwa awapokee wanawake wote waliokwisha kupewa mumewe, naye ashikamane na huyo mume mmoja tu. Aambiwa kwamba asipokubali ataangamizwa. Kisha sura yamaliza kwa kuweka sheria ya jumla. Mwanamume atakaye kuongeza mke amwombe kibali mke wa kwanza. Hapa waweza kufikiri: kumbe, wamemheshimu mke! Lakini soma mistari inayofuata. Ikiwa mume ameushika uwezo huo, akamfundisha mkewe sheria hii, naye mke akaikataa, basi mke ndiye mkosaji, na mume amefunguliwa, haitaji tena kuomba kibali. Aendelee tu.

Wasomaji wapenzi, sisi sote twajua maana ya hodi. Mgeni hupiga hodi mlangoni, akangoja. Mwenye nyumba akisema karibu, ataingia, na asipoitikiwa, atarudi zake. Sasa mtu akipiga hodi huku amekwisha kuamua kuingia, na mwenye nyumba asipoitikia akaambiwa kwamba yeye ndiye mwenye hatia, je, huyo aliyeko mlangoni tumwite mgeni? Kibali alichoombwa Emma kilikuwa cha namna hiyo. Kibali kisichoweza kunyimwa hakina maana yoyote, hata kikiombwa kwa jina la Mungu. Na ubaya wazidi hapo hasa, kwa kuwa mke huyo hakutishwa kwa fimbo ya mumewe tu, ametishwa kwa hukumu ya mbinguni.

Naye Emma alijibu nini? Hyrum alimpelekea karatasi akamsomea. Karani William Clayton, aliyekuwa ameiandika, aliweka katika daftari lake la siku kwamba Emma hakusadiki hata neno moja. Joseph alipokufa, Emma hakufuatana na Brigham Young kwenda magharibi. Alibaki Nauvoo mpaka kufa kwake mwaka 1879. Mwanawe, Joseph wa tatu, akawa tangu mwaka 1860 kiongozi wa kanisa jingine la Wamormoni, lililoikataa ndoa ya wake wengi.

3. NYUMBA ZA WAMORMONI WA KWANZA

Huko Utah mume alifundishwa kwamba yeye ni kuhani na mfalme wa nyumba yake, na kwamba mke huinuliwa akiungana naye. Brigham Young mwenyewe aliunganishwa na wanawake zaidi ya 50. Baadhi yao walikuwa wajane wa Joseph Smith. Brigham Young na mwenzake Heber Kimball waliwaoa wajane hao kwa maisha ya hapa duniani tu. Katika umilele wajane walihesabiwa bado kuwa wa Joseph, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wake pia.

Msomaji wa Fizi hahitaji kuelezwa zaidi jambo hilo. Ndiyo desturi ya kumrithi mjane. Mume amekufa, mahari ilikwisha kutolewa, ndugu yake anaingia nyumbani, na watoto watakaozaliwa wanamjengea marehemu jina. Wengine hudhani kwamba mafundisho yaliyotoka Marekani yote ni mapya. Hili ni la zamani sana, limevaa tu nguo ya hekalu.

Kusema haki, kina mama wa Utah hawakuwa watu waliofungwa midomo. Walipata ruhusa ya kupiga kura mwaka 1870, mbele ya wanawake wa nchi nyingi. Talaka pia ilipatikana huko kwa wepesi. Mama mmoja, Martha Hughes Cannon, aliyekuwa mganga mwenye shahada na mke wa nne wa mumewe, alichaguliwa mwaka 1896 kuingia baraza la juu la jimbo, naye mumewe alikuwa mmoja wa washindani aliowashinda. Lakini mama huyohuyo alilazimika miaka kumi kabla ya hapo kukimbilia Ulaya na mtoto mchanga, asije akaitwa mbele ya hakimu kushuhudia juu ya mumewe. Ushujaa wa wanawake hao hatuukani. Hata kwetu mama wengi walioolewa mitaala walilima, waliwalea watoto wa wenzao kama wao wenyewe, wakazikwa kwa heshima. Twawaheshimu mama hao. Hata hivyo, uvumilivu wa mwenye mzigo hausemi kwamba mzigo ulikuwa wa haki.

4. JANE MANNING JAMES

Kuna habari moja ambayo kila Mwafrika anayefundishwa juu ya ndoa ya milele yafaa aijue.

Jane Manning James alikuwa mwanamke mweusi, mtu huru, aliyejiunga na Wamormoni katika miaka yao ya kwanza. Aliposikia habari ya Nauvoo alisafiri na jamaa yake, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, akafika mwaka 1843, akatumika katika nyumba ya Joseph na Emma. Mwaka 1847 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika Utah. Alivumilia njaa na baridi pamoja nao, wala hakuiacha imani yake hata kufa.

Lakini mwaka 1852 Brigham Young alikuwa ametangaza kwamba watu wa asili ya Afrika hawatapewa ukuhani. Na kwa kuwa ndoa ya milele yafungwa hekaluni, watu weusi walizuiliwa ndoa hiyo pia. Jane aliomba mara nyingi aruhusiwe kuingia hekaluni na kuunganishwa na jamaa kama wengine. Alikataliwa. Mwishowe, mwaka 1894, wakubwa walimkubalia jambo moja: aliunganishwa na marehemu Joseph Smith kwa milele, si kama mke wala kama mtoto, ila kama mtumishi. Tena hata siku hiyo hakuruhusiwa kuingia mwenyewe. Mwanamke mwingine, mzungu, alisimama mahali pake. Jane alifariki mwaka 1908.

Katazo hilo liliondolewa mwezi wa Juni 1978. Leo Wakongomani huingia hekaluni Kinshasa pasipo ubaguzi, nasi twafurahi kwamba uonevu huo umekwisha. Lakini miaka zaidi ya mia walifundisha kwamba pasipo muhuri wa hekalu hakuna kuinuliwa, na muhuri huo walimnyima mtu mweusi. Basi twauliza: kama muhuri ule ni wa lazima hivyo, Mungu angewezaje kumfungia nje Jane, aliyemtumikia kwa moyo wote?

5. MAFUNDISHO YALIVYOGEUKA

Serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kukataza wake wengi mwaka 1862. Mwaka 1879 mahakama kuu iliamua kwamba mtu hawezi kuisingizia dini ili aivunje sheria hiyo. Sheria za mwaka 1882 na 1887 zilikuwa kali zaidi: wanaume walifungwa, mali ya kanisa ilitwaliwa, na wanawake wakanyang'anywa kura yao. Mwaka 1890 mkuu wao Wilford Woodruff alitangaza kwamba waache ndoa hizo, na mwaka 1904 tangazo la pili lilisema kwamba atakayeendelea atatengwa. Tangu hapo wamelishika neno hilo, na mtu mwenye wake wawili hawambatizi. Mwaka 1995 walitoa tangazo juu ya jamaa: baba aongoze kwa upendo na kuwatafutia riziki watu wa nyumbani, mama awalee watoto, na wote wawili wasaidiane wakiwa sawasawa. Katika hayo mengi yafanana na yale tunayofundishwa sisi.

Lakini sura ya 132 ingali imo katika kitabu chao, pamoja na maneno yale kwa Emma. Na hata leo mwanamume aliyefiwa aweza kuunganishwa kwa milele na mke wa pili, hali mwanamke aliye hai haunganishwi na waume wawili. Basi mtu anayeambiwa juu ya ndoa isiyokufa ana haki ya kuuliza: katika umilele huo, mke wa kwanza atakuwa na neno gani?

6. EKLEZIA HUFUNDISHA NINI

Eklezia yafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ukubali wa hao wawili wenyewe. Sheria ya Eklezia, katika kanuni ya 1057, yasema kwamba ukubali huo hauwezi kuwekewa badala na mamlaka yoyote ya binadamu. Baba hawezi kukubali mahali pa binti yake. Askofu hawezi. Hata Baba Mtakatifu hawezi. Na kanuni ya 1103 yasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kuu itokayo nje si ndoa. Si jambo la juzi: Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwakataza wakubwa wa nchi kuwashurutisha watu katika kuoa na kuolewa. Mwaka 1880, Wamarekani walipokuwa wakishindana juu ya Utah, Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika barua yake Arcanum juu ya ndoa ya Kikristu, akakumbusha kwamba ni ya mume mmoja na mke mmoja, na kwamba kila mmoja ana haki na wajibu kwa mwenzake.

Mbele ya altare padri humwuliza mwanamume, kisha humwuliza mwanamke. Asipojibu mmoja wao, padri hana ndoa ya kubariki. Na yule binti akijibu hapana, hata kama mchele umekwisha kupikwa na wageni wamefika kutoka Uvira, hatendi dhambi. Ametumia haki yake.

Na juu ya kifo? Ni kweli, Eklezia yasema kwamba kifungo cha ndoa huisha mmoja akifa. Masadukayo walimletea Yezu habari ya mwanamke aliyerithiwa na ndugu saba, wakauliza atakuwa mke wa nani katika ufufuko. Yezu aliwajibu kwamba wafufuka hawaoi wala hawaolewi. Wengine husikia jibu hilo kama neno la baridi. Lakini fikiri juu ya yule mwanamke. Ndugu saba wamempokezana kama jembe la ukoo, na wauliza maswali hata sasa ni mali ya nani. Yezu awajibu kwamba mbele ya Mungu wa walio hai yeye si mali ya mtu yeyote kati yao. Mtakatifu Paulo pia aliwaandikia Wakorinto kwamba mumewe akifa mke yu huru, aweza kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Kwa hiyo neno letu la «mpaka kifo» lamlinda mjane. Lakataa kwamba ukoo umrithi, lakataa pia kwamba marehemu ammiliki kutoka kaburini.

Tunao wajane wengi hapa kwetu. Wengine walifiwa na waume zao Makobola, mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999. Mjane akiuliza kama atamwona tena mume wake, tusimjibu kwa sheria tupu. Tumwambie kwamba twasadiki ushirika wa Watakatifu na ufufuko wa wafu, na kwamba upendo wa kweli haupotei kwa Mungu. Atamwona. Wala hahitaji karatasi ya hekalu ili ampende, kwa maana huko hakuna ukoo unaojengwa juu ya mgongo wa mwanamke.

7. MFANO WA PWANI YETU

Tarehe 28 Novemba 1964 mapadri wawili waliuawa Fizi: Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Siku hiyohiyo Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri huko Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Habari hiyo wengi wetu twaijua. Pengine hatujafikiri sana juu ya wazazi wa Abbé Albert.

Baba yake alikuwa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Baba Mtakatifu, akaja kuwasaidia Mapadri Weupe na kuwapinga wafanya biashara ya watumwa. Mama yake alikuwa Agnes Atakaye, Mwafrika. Walifunga ndoa mwaka 1888, kwenye pwani hiihii ya Tanganyika, kusini kwetu. Kumbukeni siku zile zilivyokuwa. Wazungu wengi walichukua wanawake wa Kiafrika bila ndoa, wakawaacha walipochoka. Joubert alimwoa Agnes katika Eklezia, mke mmoja, akakaa nchini mpaka kufa kwake mwaka 1927. Hatumfanyi kuwa mtu asiye na kosa, kwani alikuwa askari wa nyakati zake. Lakini ibada iliwadai wote wawili neno lao, mzungu na Mwafrika, na Agnes alihesabiwa mke. Miaka sita baadaye, katika Utah, Jane aliunganishwa akiwa mtumishi. Na kutoka nyumba ile ya Agnes tulimpata padri aliyemwaga damu yake Fizi.

8. SASA TUJIPIME WENYEWE

Ingekuwa kosa kufunga gazeti hili tukiwahukumu Wamormoni peke yao. Sheria ile ya kumwomba mke kibali asichoweza kukinyima tunayo sisi pia, ingawa haikuandikwa kitabuni. Mume Mkristu wa Baraka amepata mali kidogo kwa mtumbwi wake, naye amwambia mkewe: «Mama Fulani, nakuheshimu, ndiyo maana nimekuambia kwanza, mwenzako atakuja mwezi ujao.» Mke akilia, ndugu wa mume husema ana moyo mbaya. Akikataa, hutishwa kurudishwa kwao. Huyo mume hajasoma sura ya 132, lakini aishika barabara. Na baba aliyekwisha kupokea mahari, kisha amwuliza binti yake kama anakubali huku fedha imekwisha kutumika, naye amepiga hodi ya uongo.

Basi, simu ikilia kutoka ng'ambo, mwaweza kujibu kwa upole. Waambieni wapendwa wenu: upendo haufi, lakini mtu hamilikiwi milele. Waambieni waisome wenyewe ile sura, polepole, wakifika mahali pa Emma wasimame hapo. Tena wajue jambo hili la kazi: mwaka 2001 Roma iliamua kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwa Eklezia, kwa sababu imani yao juu ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu si imani yetu. Kwa hiyo Mkatoliki atakaye kuoana na Mmormoni ahitaji ruhusa maalumu. Asingoje mpaka mahari imalizike, amwone padri mapema.

Nanyi wanaume, kabla hamjazungumza habari hizi katika shirika lenu, fanyeni jambo moja nyumbani. Mwulizeni mke wenu neno mnalotaka kwa kweli kujua jibu lake. Kisha ngojeni. Akijibu ndiyo, mshukuruni. Akijibu hapana, mshukuruni vilevile, kwa maana ametambua kwamba nyumbani mwenu aweza kusema.